Shajara ya mradi: kuzisaka nyumba za kale za Mji Mkongwe kwa GPS

Disemba, wiki ya kwanza

Kwa atakayeanzia hapa: tunatengeneza njia ya kutembea kwa miguu ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, inayofuatwa kwa simu yenye GPS. Mchezaji anapewa kodineti, yaani tarakimu zinazoonyesha pahala kwenye ramani, za kituo cha kwanza. Akifika anasimama mbele ya nyumba, anaitazama, anajibu swali ambalo jibu lake liko ukutani, mlangoni au kwenye roshani, na jibu hilo linampa tarakimu za kufikia nyumba inayofuata. Mwisho wa njia kuna kisanduku kilichofichwa, ndani yake mna daftari la kuandika jina na tarehe.

Mchezo wenyewe ni jiokashingi (geocaching), kusaka kwa GPS visanduku vilivyofichwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 Serikali ya Marekani iliacha kuivuruga kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, na vifaa vya GPS vya watu wa kawaida vikaanza kuonyesha pahala kwa usahihi mkubwa zaidi. Kesho yake, tarehe 3, Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon na kuwatangazia wenzake kodineti zake. Leo visanduku viko karibu kila nchi.

Kilichonisukuma ni hiki. Mgeni akija hapa huonyeshwa mlango, akaupiga picha, akaenda zake. Vijana wetu nao hupita mbele ya mlango huohuo kila asubuhi wakienda skuli, na hakuna aliyewahi kuwasimamisha wakautazama. Nataka njia ambayo mtu hawezi kuimaliza bila kuzisoma nyumba.

Tuko wachache: mimi, mwalimu wa historia wa skuli ya sekondari, fundi wa chokaa ambaye amestaafu lakini hajaacha kazi, na vijana kadhaa wa mwalimu.

Disemba, mwisho wa mwezi

Kanuni za mchezo nimezisoma zote, na moja ndiyo iliyoamua sura ya mradi. Visanduku viwili haviruhusiwi kuwa karibu chini ya mita 161. Eneo la Mji Mkongwe lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000 ni hekta 96 tu, na nyumba tunazozitaka zimebanana, wakati mwingine ukutoka kwenye mlango huu hatua chache tu umeshaukuta wa pili. Pia ni marufuku kuchimba, kutoboa ukuta au kupigilia msumari bila idhini ya mwenye eneo. Hilo nisingelikubali hata kama kanuni zingeliruhusu, kwa sababu ukuta wa chokaa ukishatobolewa maji hupata njia.

Lakini umbali ule unahusu vitu vilivyofichwa, hauhusu vituo vya maswali. Kwa hiyo tumeamua: kisanduku kimoja mwishoni, na njiani maswali matupu. Vijana walisikitika kwanza, maana kila mmoja alitaka kuwa na kisanduku chake cha kuficha. Mimi nimeliona ni jambo la heri. Hakuna mtu atakayepapasa vidaka vya watu wala kuchungulia nyuma ya milango yao akitafuta kopo. Atakachokitafuta kiko wazi, mbele ya macho yake.

Januari, kaskazi inavuma

Kuchagua nyumba kumetuchukulia muda kuliko nilivyodhani, na mabishano yalikuwa mazuri.

Beit el-Ajaib haikuwa na mjadala. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, nguzo zake za chuma zikaja kwa meli, na ndiyo nyumba ya mwanzo hapa kuwa na umeme na lifti. Mwaka 1896 mizinga ya manowari za Waingereza iliupiga mtaa wa ikulu kwa muda usiofika saa moja na kuiharibu vibaya Beit al-Hukm iliyokuwa jirani yake. Yenyewe ikabaki imesimama. Mizinga haikuiweza, lakini tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafariki. Tumeamua isiwe na swali lolote. Mchezaji ataanzia Forodhani, mbele yake, pahala palipo wazi, na atasoma habari hiyo kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Nataka aingie vichochoroni akijua kwamba nyumba hizi zinaweza kuondoka.

Nyumba ya Tippu Tip kule Shangani ndiyo iliyotugawa. Kijana mmoja alisema tuiache, tusimpambe mtu aliyeuza watu. Mwalimu akajibu kwamba ukiiacha ndipo unapompamba, kwa sababu mlango wake utaendelea kupigwa picha bila maneno. Niko upande wa mwalimu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefia mjini hapa mwaka 1905, alitajirika kwa pembe za ndovu na watumwa. Misafara yake ilifika Maniema na kwenye Maporomoko ya Stanley, pale ilipo Kisangani, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya gavana wa huko. Kiswahili kinachosemwa leo mashariki ya Kongo kina mizizi yake kwenye misafara hiyo. Yote hayo yataandikwa kwenye maelezo ya kituo, na wabebaji na waliouzwa watatajwa kabla ya nakshi.

Ithnaasheri, ile yenye roshani za mbao zilizochongwa inayotazama bahari kule Malindi, ina hadithi ya aina nyingine. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, akafariki 1891, na jengo likakamilika 1894 bila yeye kuliona. Baadaye chini pakawa dispensari ya Ithnaasheri, na jina hilo likabaki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilitelekezwa, likaanza kubomoka, mpaka lilipokarabatiwa upya na taasisi ya Aga Khan miaka ya 1990. Nimeliweka makusudi, ili mchezaji aone kwamba nyumba iliyofika pabaya inaweza kurudi.

Vituo vilivyobaki, na ndivyo vingi, ni nyumba zisizo na jina: Kiponda, Sokomuhogo, Mkunazini. Hizi ndizo zilizonileta kwenye mradi. Majumba makubwa yana watu wa kuyasemea.

Januari, tatizo la vichochoro

Simu inahitaji kuona mbingu. Kichochoro cha upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kuta za ghorofa mbili na tatu pande zote, hakiionyeshi mbingu ila utepe. Ishara ya setilaiti inagonga ukuta huu, inarudi kwenye ukuta ule, ndipo inafika kwenye simu, na simu inadhani imesafiri kutoka mbali zaidi. Matokeo yake nukta inaruka kutoka nyumba hadi nyumba huku wewe umesimama palepale.

Kodineti tunaziandika kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu. Njia yetu yote imo ndani ya S 6° 09 na E 39° 11, kwa hiyo mchezaji anatafuta tarakimu sita tu, tatu za kila upande. Tarakimu ya mwisho ikipanda kwa moja, umehama kama mita mbili. Kwenye uwanja hiyo si kitu. Kiponda, mita chache tu zinakutoa kichochoro hiki na kukutia kingine.

Tumetatua hivi: kodineti zinampeleka mchezaji pahala penye nafasi, njia panda au kiwanja kidogo, halafu maneno yanachukua nafasi ya setilaiti. Na hapo fundi akatupa kitu kilichoupa mradi uhai. Tulikuwa tumesimama nyuma ya msikiti mmoja, vijana wakizungusha simu zao, dira ikiyumba kwa sababu ya vyuma vya madirisha. Akauliza mnatafuta nini. Wakamwambia kaskazini.

"Si hiyo hapo," akasema, akiinua fimbo kuelekea tumbo la ukuta lililotokeza nje. "Hiyo ndiyo kibla, wajukuu zangu."

Lilikuwa ni tumbo la mihrabu. Kutoka Unguja, Makka iko karibu kaskazini kabisa, tofauti yake ni kiasi cha nyuzi moja tu. Misikiti ya mji huu mingi haina mnara, imekaa kwenye mstari wa nyumba na mgeni anaweza kuipita asijue, lakini mihrabu hutokeza kwa nje na kuelekea upande huo. Kwa hiyo maelezo yetu sasa yanasema: ipe kibla mgongo, shika kichochoro cha kushoto, pita baraza mbili. Dira ya namna hii haihitaji chaji.

Februari, milango

Maswali mengi yako kwenye milango, na hapa nimeweka msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Kila anayewatembeza wageni ana maana ya kila nakshi: mnyororo ni hiki, samaki ni kile, yungiyungi ni kingine. Sisi hatutaandika maana hizo. Tutamwuliza mchezaji anachokiona: juu ya mlango pamekwenda sawa au pamepinda kama upinde? Mlango wa zamani wa mtindo wa Kiarabu una kizingiti cha juu kilichonyooka. Ule wa upinde uliojaa maua na majani ulikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, na mkono wa mafundi wa Kihindi umo ndani yake. Misumari mikubwa ya shaba ipo au haipo? Mlango wa Kigujarati, unaoonekana zaidi madukani, una paneli ndogondogo za mraba na hukunjika. Uko umbali gani na duka la karibu? Mtu akijibu maswali hayo kwa milango michache tu, akitoka hapo atakuwa anaweza kuipambanua mwenyewe bila mimi.

Maswali yenye mvuto kuliko yote ni ya miaka. Baadhi ya vizingiti vimechongwa maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu. Mchezaji anausoma, anauzidisha kwa 0.97, anaongeza 622, anapata mwaka wa miladi kwa ukaribu wa mwaka mmoja. Mfano wa kufundishia, ambao hauko njiani: ١٣١٢ ni 1312, ukizidisha unapata 1272 na ushei, ongeza 622, umefika 1894. Jihadhari na ٢ na ٣, maana kwenye mbao zilizoliwa na chumvi jino moja likivunjika tatu inakuwa mbili, na umempeleka mtu mtaa mwingine.

Vijana wetu waliopita chuo cha Kurani walizisoma tarakimu hizo bila kusita. Nilifurahi kuliona jambo hilo. Kwenye njia hii, mtoto wa Mkunazini ana faida kumzidi msakaji mwenye kifaa cha bei kubwa, na sioni sababu ya kuiondoa faida hiyo. Jedwali la tarakimu tutaliweka kwenye maelezo kwa asiyejua.

Februari, kupiga hodi

Ruhusa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985 na tumewaandikia barua. Lakini ruhusa ninayoijali zaidi ni ya mwenye mlango. Nyumba hizi wanakaa watu. Nyingine ni za wakfu, nyingine zilichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi na zimegawanywa, familia moja juu, nyingine chini, ya tatu ukumbini. Ukipiga hodi hujui anayeitika ana kauli juu ya mlango au chumba chake tu, basi tunawauliza wote.

Sokomuhogo nilikaribishwa na bibi mmoja. Nikamwamkia, nikaeleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Sasa mwanangu, hao watu watakuja na kamera?"

"Watakuja na simu, bi mkubwa, lakini tutawaandikia wasipige picha."

"Mimi naanika nguo hapo. Na wajukuu wanacheza hapo. Watazame mlango, si haramu kutazama. Lakini wasimame kule, barazani kwa jirani, wasinizibie njia."

Nilikwenda kusimama pale alipoonyesha. Kizingiti kinaonekana vizuri zaidi kutoka kule kuliko kutoka chini yake, kwa sababu jicho halilazimiki kupanda wima. Tangu siku hiyo kila kituo kina sentensi inayosema usimame wapi, na mara nyingi ni kwenye baraza ya upande wa pili, kwa idhini ya wenyewe. Picha za milango ya nyumba zinazokaliwa tumezikataza njia nzima. Nyumba mbili zilikataa kabisa. Tumezitoa, na majina ya mitaa yake hayatatajwa.

Masharti mengine tuliyoyaandika baada ya kuzungumza na majirani: nguo za heshima, hakuna kusaka wakati wa sala, hakuna kituo mbele ya mlango wa msikiti, na ukikuta watu barazani salimia kwanza kabla ya kuinua simu. Hili la mwisho mwalimu alitaka liwe la kwanza, na ndivyo lilivyo.

Machi, Ramadhani

Mchana hatutembei. Usiku baada ya tarawehe tunakutana kuandika maelezo ya vituo, kahawa ikiwa karibu. Kiswahili kwanza, halafu ndiyo lugha nyingine.

Fundi ametueleza ukuta kwa namna ambayo sijawahi kuikuta kwenye maelezo ya wageni, na karibu yote imeingia. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na mchanga. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haziwi ndefu sana, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Upana wa chumba umeamuliwa na mti uliokatwa mkokoni. Chokaa inapumua. Unyevu unaoingia masika hutoka kiangazi. Mtu akija kuupiga ukuta huo plasta ya saruji kwa nia njema kabisa, anaufungia unyevu ndani, maji yanapanda, na yanapozifikia ncha za boriti zilizozama ukutani huzila taratibu. Kwa nje ukuta unang'aa. Ndani boriti imekuwa unga.

Kituo kimoja sasa kinafundisha hilo. Kuna pahala chumba kimepita juu ya kichochoro na ukiinua kichwa unaziona boriti zenyewe. Mchezaji anazihesabu, na idadi ndiyo tarakimu anayoitaka. Kisha maelezo yanamwomba autazame ukuta wa kulia na wa kushoto, mmoja wa chokaa, mmoja wa saruji, aone wapi rangi imefura na kumenyuka. Hicho ndicho kituo ninachokipenda kuliko vyote.

Aprili, masika

Mvua imefanya kazi ya ukaguzi. Kisanduku cha bati tulichokijaribu kimeota kutu, hewa ya chumvi haisamehe. Sasa ni cha plastiki chenye mpira wa kuzuia maji na vibanio pande nne. Daftari liko ndani ya mfuko wake, na kalamu ni ya risasi kwa sababu wino unasambaa karatasi ikipata unyevu. Sumaku hazina kazi hapa, matumbawe hayashiki sumaku. Kilipofichwa sitapasema. Si kwenye ukuta wa nyumba ya mtu, si dukani, kwa kuwa kanuni zinakataza kumlazimisha mchezaji aingie kwenye biashara, na mwenye eneo ametoa idhini kwa maandishi.

Baraza nazo nimeziona kwa kazi yake ya pili. Kichochoro kilipojaa maji watu walipanda na kutembea juu yake kutoka nyumba hadi nyumba, mabegi ya skuli kichwani. Tumeongeza hilo kwenye maelezo ya Mkunazini.

Mlango mmoja umeondoka njiani. Paa la nyumba lilivuja, wapangaji wa juu wamehamia kwa ndugu zao, na mbele pamewekwa magogo ya kuegemeza ukuta. Swali lake tumelifuta, watu wasisimame pale. Nimeandika barua nyingine kuhusu nyumba hiyo, na nitaendelea kuandika. Inaniuma kuona namna inavyokwenda: paa halina mwenyewe kwa sababu nyumba ina wapangaji wengi, kila mmoja anaziba juu ya kitanda chake, maji yanatafuta pengine.

Mei, majaribio

Darasa la mwalimu limeijaribu njia nzima, makundi matatu yakipishana. Walikwama Kiponda, kwenye njia panda ambako maneno "kichochoro chembamba" yanaweza kuwa viwili. Sasa yanasema kile chenye cherehani mlangoni kwa fundi nguo, na fundi nguo mwenyewe amefurahi kuwa alama. Kundi la wasichana ndilo lililofika kwanza, na lilitoka na jambo ambalo hatukulipanga: mmoja wao alikuta mwaka uliochongwa kwenye mlango wa nyumba ya shangazi yake, nyumba ambayo haimo njiani, akatuletea amekwisha kuupiga hesabu. Shangazi amekubali. Kituo kipya hicho.

Ugumu tumeuweka 3 kati ya 5 kwa maswali, na ardhi 1.5, kwa kuwa kuna ngazi chache na mawe yanayoteleza. Kwa mwenye kiti cha magurudumu tunaandaa kipande kifupi cha barabara ya Mizingani, kutoka Forodhani hadi Ithnaasheri, kitakachokuwa na maswali yake.

Maombi yamepelekwa kwa wakaguzi wa kujitolea wa mchezo, na barua za idhini zimeambatanishwa. Wakati tukisubiri, zamu za matunzo zimegawanywa: kila mwisho wa mwezi mtu mmoja anaipita njia, anahakiki kwamba kila jibu bado lipo, na anapiga hodi kwenye nyumba zote kuuliza kama wageni wamekuwa na adabu. Nyumba yoyote ikisema imechoka, inatoka siku hiyohiyo. Juni tunaanza kupima Malindi.